Ngojangoja ya Rafuni: Kumbukumbu za Chakula Kilichotupwa na Mafunzo ya Magenge ya Mwembesongo

Wataalamu wa chakula hutenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. Upotevu wa chakula ni ule unaotokea tangu mavuno hadi kabla bidhaa haijafika dukani, kama vile nyanya zinazopondeka ndani ya lori au mahindi yanayotobolewa na dumuzi ghalani; utupaji wa chakula, kwa upande wake, hutokea pale ambapo chakula kimekwisha kufika kwa muuzaji, mgahawani au nyumbani kikiwa kinafaa kuliwa, kisha kikaishia jalalani. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba katika mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na kwamba asilimia 60 ya kiasi hicho ilitoka majumbani, asilimia 28 katika migahawa na huduma nyingine za chakula, na asilimia 12 katika biashara ya rejareja. Mtu anaweza kuiona asilimia 12 kuwa ndogo, lakini nyumbani chakula hutupwa kijiko kwa kijiko na mamilioni ya watu wasiojuana, ilhali katika supamaketi uamuzi wa mtu mmoja, au kusita kwake kuamua, huweza kupeleka jalalani matenga kadhaa kwa siku moja.

Kumbukumbu hizi zinahusu uamuzi wa namna hiyo. Zinatokana na miaka ambayo mwandishi wake aliitumikia supamaketi moja ya mjini Morogoro kama mpokeaji wa bidhaa, huku makazi yake yakiwa Mwembesongo, kata ya manispaa hiyo ambamo familia nyingi hununua mboga ya siku kwa siku katika genge, yaani meza au kibanda cha kando ya njia kinachouza nyanya, vitunguu, mchicha, ndizi na mahitaji mengine ya jikoni kwa vipimo vidogo. Kutoka kila jioni katika stoo yenye majokofu na kuingia katika mtaa wa meza za mbao kulimfundisha mwandishi jambo ambalo hakuna mafunzo ya kazini yaliyomfundisha, nalo ni kwamba chakula kingi cha supamaketi huoza kwa sababu uamuzi juu yake umechelewa, na kwamba muuza genge, asiye na jokofu wala kompyuta, huamua mapema kwa kuwa hana mahali pa kuuficha ucheleweshaji.

Ili hoja hiyo ieleweke, inafaa kwanza kuutazama mlima unaoulisha mji. Milima ya Uluguru, ambayo kilele chake cha Kimhandu hufikia takriban mita 2,630, huzuia mawingu yatokayo Bahari ya Hindi na kuyageuza kuwa mvua, hivyo kwamba miteremko ya mashariki, katika maeneo kama Kinole na Matombo, hutoa ndizi, mananasi na viungo kama karafuu, mdalasini na pilipili manga, wakati upande wa magharibi, hasa Mgeta na Nyandira, hutoa kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo vinavyopenda baridi. Mazao hayo hushuka kwa kichwa, kwa pikipiki na kwa lori hadi mjini, ambako mengi hupita katika Soko Kuu la Chifu Kingalu, lililozinduliwa na Rais John Magufuli Februari 2021. Mji wenyewe umepanuka kwa kasi: sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 315,866 katika Manispaa ya Morogoro, na ile ya mwaka 2022 ikawahesabu 471,409. Pamoja na ongezeko hilo zimekuja supamaketi, nyingi zikiwa za wafanyabiashara wa hapa nchini, ambao wameendelea na biashara hiyo hata baada ya kampuni kubwa za kigeni kuondoka, kama Shoprite ya Afrika Kusini iliyouza maduka yake ya Tanzania mwaka 2014 na Uchumi ya Kenya iliyofunga ya kwake mwaka 2015. Kwa hiyo nyanya iliyoko kwenye rafu ya supamaketi ya Morogoro na nyanya iliyoko gengeni Mwembesongo mara nyingi zimetoka shamba moja na kusafiri katika lori moja. Kinachozitofautisha ni kanuni zinazozitawala baada ya kushushwa.

Kanuni za supamaketi huanza kufanya kazi mlangoni. Mpokeaji wa bidhaa hupewa karatasi ya oda, huhesabu, hupima, hukagua, kisha husaini. Na katika ukaguzi huo hufundishwa kukataa karoti iliyojipinda, kabichi ndogo na ndizi yenye doa, ingawa hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho kibaya kwa mlaji. Hicho ndicho kinachoweza kuitwa kiwango cha sura, yaani sharti linalohusu mwonekano wa zao badala ya usalama au lishe yake, na gharama yake humrudia mkulima wa Mgeta ambaye amekwisha kulipa nauli ya mzigo. Kanuni ya pili ni oda ya mazoea, ambayo hurudia kiasi kilekile kila juma bila kujali kama wanafunzi wako likizo, kama ni mwisho wa mwezi, au kama embe zimejaa mtaani kiasi kwamba hakuna atakayezinunua rafuni. Kanuni ya tatu, iliyo nzito kuliko zote, ni kwamba bei haiguswi na mtu wa chini: keshia haruhusiwi kuipunguza, mpanga rafu haruhusiwi, mpokeaji haruhusiwi, na meneja mwenye ruhusa hiyo ana mambo mengine kumi ya kushughulikia.

Kanuni hizo tatu zilikutana katika msimu mmoja wa masika ambao mwandishi hajausahau. Mvua zilikuwa zimeharibu njia, na oda moja ya nyanya ikachelewa siku tatu. Ilipofika, ilifika pamoja na oda iliyofuata, na mwandishi, akiwa na karatasi mbili halali mkononi, alisaini zote mbili badala ya kuuliza kama duka lilihitaji mzigo maradufu. Kosa hilo lilikuwa lake. Nyanya zilipangwa rafuni kwa bei ya kila siku. Siku ya pili zilianza kulainika, siku ya tatu maji yalianza kutoka katika matenga ya chini, na siku ya nne, meneja aliporejea kutoka safarini, matenga manne yalibebwa kwenda kwenye gari la taka. Jioni hiyohiyo mwandishi alisimama mbele ya genge analonunua mboga, Mwembesongo, akakuta meza tupu. Mama mwenye genge, ambaye alikuwa amechukua nyanya za lori lile lile, alikuwa amekwisha kuziuza zote tangu juzi yake, na aliposikia habari ya matenga yale manne hakucheka wala hakulaumu, bali aliuliza kwa mshangao wa kweli: “Sasa, mwanangu, mlikuwa mnangoja nini?”

Swali hilo halikuwa na jibu siku ile, na sehemu kubwa ya kumbukumbu hizi ni jitihada ya kulijibu. Hatua ya kwanza ni kueleza alichokuwa akikifanya mama huyo, kwani kazi yake ina ufundi ambao mazoea ya kuuona huuficha. Gengeni nyanya huuzwa kwa fungu, yaani rundo dogo lenye bei moja inayojulikana na wateja wote. Bei ya fungu haibadiliki kirahisi, kwa kuwa mteja huja akiwa na sarafu alizokwisha kuzihesabu, bali idadi ya nyanya ndani ya fungu ndiyo hupanda na kushuka. Asubuhi, zikiwa ngumu na zinang’aa, fungu laweza kuwa na nyanya tano. Alasiri huwa na sita. Jioni, jua linapozama, huwa na nane, na mteja wa kudumu huongezwa moja mkononi kama nyongeza. Kile ambacho wachumi hukiita bei inayobadilika kulingana na hali ya bidhaa, muuza genge hukitekeleza kwa vidole vyake mara kadhaa kwa siku, bila kumwaibisha mnunuzi na bila kuandika tangazo lolote.

Ufundi wa pili ni kuchambua. Muuza genge hupitisha mkono juu ya mzigo wake kila wakati wateja wanapopungua, akitenga zilizo ngumu kwa ajili ya kesho, zilizoiva kwa ajili ya leo, na zilizopasuka au kulainika kwa ajili ya kundi linaloitwa masalo, ambalo lina bei yake na wateja wake, hasa mama lishe anayehitaji nyanya za kupikia rojo na asiyejali kama zimepondeka kidogo. Neno masalo linastahili kutafakariwa, kwa sababu linakipa chakula kilichopoteza sura nafasi halali sokoni, wakati katika supamaketi nyanya ina hali mbili tu, ya kuuzwa kwa bei kamili au ya kutupwa. Penye madaraja mawili pekee, kila kitu kinachoteremka kutoka katika daraja la kwanza huangukia jalalani. Penye madaraja manne au matano, kinachoteremka hupokelewa na mtu mwingine.

Ufundi wa tatu unahusu uhai wa mazao baada ya kuchumwa. Tunda lililovunwa huendelea kupumua, na matunda kama ndizi, embe, parachichi na nyanya hutoa gesi ya ethilini, ambayo huharakisha kuiva kwa tunda lenyewe na kwa majirani zake. Ndiyo maana ndizi moja iliyoiva ndani ya kapu lililofunikwa huivisha kapu zima. Ndizi na nyanya, aidha, ni mazao ya nchi za joto yanayoumizwa na baridi kali: ndizi ikikaa katika baridi ya chini ya nyuzi 13 hivi za sentigredi, ganda lake hugeuka jeusi na nyama yake hushindwa kuiva vizuri. Katika supamaketi aliyofanyia kazi mwandishi, ndizi, nyanya, mboga za majani na maembe vilifungiwa kila usiku katika jokofu moja, kwa imani kwamba baridi ni dawa ya kila kitu, na asubuhi wafanyakazi walishangaa kuona ndizi zimegeuka nyeusi na mchicha umegeuka manjano. Mama wa gengeni, ambaye hakuwahi kulisikia jina la gesi hiyo, aliziweka ndizi mbivu mbali na mboga, aliuweka mchicha kivulini na kuunyunyizia maji, na aliyatandaza matunda mabichi chini ya meza, mahali penye hewa. Jokofu ni chombo kizuri kwa maziwa, nyama na samaki. Kwa mazao mengine, elimu juu ya zao lenyewe hutangulia mashine.

Bidhaa za pakiti zina ugumu wa aina nyingine, nao ni tarehe. Tangu mwaka 2019 jukumu la kusimamia usalama wa chakula nchini liko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na kuuza chakula kilichopitwa na muda ni kosa ambalo hakuna hoja ya kuzuia utupaji inayoweza kulihalalisha. Hata hivyo, tarehe zenyewe ni za aina mbili: ipo inayohusu usalama, ambayo huwekwa kwenye vyakula viharibikavyo upesi kama nyama na maziwa yasiyo ya muda mrefu, na ipo inayohusu ubora, ambayo humaanisha kwamba baada ya siku hiyo ladha au umbile huenda likapungua. Muuzaji asiyetofautisha hizo mbili hukosea pande zote, ama kwa kuhatarisha afya ya mteja ama kwa kuogopa biskuti kana kwamba ni nyama. Kinga yake ni kanuni rahisi ya stoo kwamba kinachotangulia kuisha muda ndicho kitangulie kutoka, hata kama kiliingia mwisho, na kwamba kila katoni ikaguliwe majuma kadhaa kabla ya tarehe, wakati bado kuna muda wa kuishusha bei. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023 uliongeza somo jingine, kwa sababu mtindi wenye siku kumi mbele yake kwenye lebo unaweza kuharibika kwa usiku mmoja wa jokofu lililozimika, na lebo haitabadilika. Mnyororo baridi, yaani mfululizo wa ubaridi usiokatika tangu kiwandani hadi kwa mlaji, ni ahadi ambayo tarehe huitegemea.

Baada ya kuelewa chanzo, ndipo inafaa kuuliza nini kifanyike na chakula ambacho hakika hakitauzwa. Wasimamizi wa taka hutumia ngazi ya vipaumbele: kwanza kuzuia ziada isitokee, pili kuwalisha watu, tatu kuwalisha mifugo, nne kutengeneza mboji, na mwisho kabisa dampo. Ngazi hiyo ina sababu ya kisayansi, kwani mabaki ya chakula yanapofukiwa pamoja na takataka nyingine mahali pasipo na hewa, huoza na kutoa gesi ya methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 huipasha dunia joto takriban mara 28 kuliko kiasi sawa cha hewa ya ukaa. Mwembesongo na kata jirani ngazi hiyo ilikuwepo kabla haijaandikwa vitabuni: makombo ya mama lishe na maganda ya gengeni huchukuliwa na wafugaji wa nguruwe na kuku, na kinachobaki hurudishwa kwenye bustani. Katika kiwango kikubwa zaidi, Manispaa ya Kinondoni jijini Dar es Salaam imejenga kituo cha mboji huko Mabwepande kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani. Morogoro, mji ulio na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo tangu mwaka 1984, una wataalamu na mashamba ya kutosha kuyafanya mabaki ya masoko na supamaketi zake kuwa rutuba.

Ngazi ya mifugo, hata hivyo, ina mpaka usiovukwa. Nafaka, karanga na unga vilivyoota ukungu vinaweza kuwa na sumukuvu, sumu inayotengenezwa na aina fulani za kuvu, ambayo haiondolewi kwa kupika na ambayo ng’ombe akiila huweza kuipitisha katika maziwa. Mlipuko wa mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, uliosababisha vifo, ulionyesha ukubwa wa hatari hiyo. Mwandishi alishuhudia viroba vya unga wenye ukungu vikiombwa kwa nia njema na mfugaji, na alijifunza kwamba ukarimu usiotanguliwa na ukaguzi unaweza kuurudisha ugonjwa mezani kwa mlango wa nyuma.

Suala la kuwalisha watu ndilo lililomgusa zaidi. Nchini Marekani, John van Hengel alianzisha mjini Phoenix mwaka 1967 ghala la kupokea chakula cha ziada na kukigawa kwa wenye uhitaji, ambalo huhesabiwa kuwa la kwanza la aina yake, na mwaka 1996 sheria ya nchi hiyo iliwakinga watoaji wenye nia njema dhidi ya mashtaka. Ufaransa nayo ilipitisha sheria mwaka 2016 inayokataza supamaketi zenye eneo linalozidi mita za mraba 400 kuharibu chakula kinacholika na kuzitaka ziingie makubaliano na mashirika ya hisani. Duka la Morogoro lilijaribu jambo kama hilo bila sheria yoyote, kwa kupeleka mikate katika makao ya watoto. Jaribio la kwanza lilikuwa la aibu, kwa kuwa mikate ilitolewa siku yake ya mwisho, na ilipofika kwa watoto baadhi ilikwisha kuota ukungu. Mlezi aliyeipokea alishukuru kwa adabu na kuitenga pembeni, na katika adabu hiyo mwandishi alisoma karipio zito kuliko maneno: maskini alikuwa amefanywa kuwa dampo. Tangu hapo duka lilikubali kwamba kinachotolewa kitolewe siku mbili kabla, kikiwa bado ni chakula ambacho mtoaji mwenyewe angekiweka mbele ya wanawe. Na katika Ramadhani iliyofuata, viazi na ndizi vilivyopelekwa kwa ajili ya futari vilipokelewa kwa furaha isiyo na kificho.

Mabadiliko ya kudumu yalitokana na daftari la shilingi chache. Kila kilichotupwa kilipimwa, kikaandikwa jina, siku na sababu, na baada ya miezi miwili daftari lilionyesha jambo ambalo hakuna aliyelijua: mikate ilitupwa zaidi Jumatatu, kwa sababu oda ya mwisho wa juma ilikuwa kubwa ilhali Jumapili wateja walikuwa wachache. Kupunguza oda ya Jumamosi peke yake kuliokoa mikate mingi kuliko msaada wote uliowahi kutolewa. Jambo la pili lilikuwa kumpa mpanga rafu mamlaka ya kushusha bei ndani ya kikomo kilichokubaliwa, bila kumngoja meneja. La tatu lilikuwa kuanzisha kapu la masalo, kwa jina hilohilo la mtaani, ambamo karoti zilizopinda na nyanya laini ziliuzwa kwa bei ndogo kwa mama lishe waliofika wenyewe baada ya kuelezwa. La nne lilikuwa saa: kila siku, saa kumi jioni, kazi nyingine zote zilisimama kwa nusu saa ili rafu ya mazao ichambuliwe.

Katika mafunzo hayo hakuna linalohitaji mtaji mkubwa, na yote yalikuwa yakitekelezwa Mwembesongo kabla supamaketi haijajengwa. Wahenga walisema akiba haiozi, wakiwa na maana ya tabia ya kuweka, lakini nyanya si akiba. Kwa chakula kibichi methali inayofaa zaidi ni ile isemayo ngojangoja huumiza matumbo, kwani kila saa ambayo tenga limengojeshwa kwa ajili ya saini hupunguza idadi ya matumbo linaloweza kuyashibisha. Kabichi iliyopo rafuni imekwisha kunywa mvua ya Uluguru, imekwisha kubebwa kichwani na mama wa Mgeta katika njia ya utelezi, na imekwisha kula dizeli ya lori. Anayeiacha ioze huku akiwa na uwezo wa kuamua ameipoteza mvua hiyo, shingo hiyo na dizeli hiyo kwa pamoja.

Siku ambayo kapu la masalo lilitimiza mwezi, mwandishi alilipeleka jibu gengeni, akaeleza habari ya daftari, kapu na saa kumi. Mama mwenye genge alisikiliza bila kuacha kazi, akiongeza nyanya ya nane katika kila fungu, kwa kuwa jua lilikuwa linazama.